Kwanza Omba Ruhusa ya Kutoa Kitambaa

Katika sebule nyingi za Lushoto televisheni haikai uchi. Juu yake kuna kitambaa cha kufuma kilichoshuka mpaka kwenye kona za kioo, pembeni kuna maua ya plastiki, na king'amuzi nacho kina kitambaa chake kidogo. Wewe uliyepanda kutoka Dar es Salaam na maelfu ya picha kwenye simu, kama unataka familia izione zikiwa kubwa, mwendee mama kwanza umwombe ruhusa ya kutoa kitambaa. Usikitoe mwenyewe. Kilifumwa kwa mkono na kilikuwa pale kabla hujajua kubonyeza rimoti. Ukimwomba vizuri atakitoa yeye, atakikunja, na kuanzia hapo onyesho lako litakuwa shughuli ya nyumba nzima.

Nasisitiza televisheni kwa sababu simu inawaonea wazee. Babu akipewa simu huishika mbali na macho, kidole kikateleza, akajikuta kwenye ujumbe wa salio. Anapoirudisha, shangazi anaipokea upande usio sahihi, na ikifika kwa bibi kioo kimezima na kinadai namba ya siri. Watu wanane wameshika simu ileile, na hakuna wawili walioona picha moja kwa wakati mmoja. Utamu wa picha ya familia uko hapo hasa, kuitazama pamoja na kubishana juu yake.

Tena picha ya kidijitali ilizaliwa kwa ajili ya televisheni. Kamera ya kwanza ya aina hiyo iliundwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye mkanda wa kaseti, na ili uione picha hiyo ilibidi mkanda uchomekwe kwenye mtambo uliounganishwa na televisheni ya kawaida. Wakati huo Zanzibar tayari walikuwa na televisheni ya rangi, tangu 1973. Tanzania Bara tulisubiri mpaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini wa Mlalo au Soni alikutana na televisheni akiwa mtu mzima, baada ya maisha marefu ya redio, na bado hukaa mbele yake kwa adabu ya mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Ukimwekea picha ya mjukuu wake kwenye kioo hicho umempa mjukuu heshima ambayo simu haiwezi kumpa.

Na tukiwa kwenye taarifa ya habari: saa mbili usiku si saa yako. Wala si saa ya swala ya isha, wala jioni ambayo Simba na Yanga wanacheza. Chagua baada ya chakula, watu wakiwa bado wamekaa, au Jumapili alasiri ukungu ukiwa umefunga na hakuna anayekwenda shambani. Nunua umeme mapema. Nyumba inapoingia gizani bibi akiwa katikati ya kisa cha harusi yake, kisa hicho hakirudi kilivyokuwa hata LUKU ikijazwa ndani ya dakika tano. Umeme wenyewe milimani hukatika wakati wa mvua kubwa, kwa hiyo kama mna televisheni ndogo ya sola, ijaribu nayo mchana ili ikae tayari.

Sasa vifaa. Usihangaike na kurusha picha kutoka kwenye simu kwa njia ya hewani. Inawezekana, na mijini watu hufanya hivyo kila siku, lakini katikati ya onyesho atapiga mtu wa Mombo anayedai hela ya mbao, na jina lake litatokea kwa herufi kubwa juu ya picha ya kipaimara. Tumia flashi. Televisheni bapa nyingi zina tundu lake nyuma au ubavuni, na hata ile ya chogo haijashindwa: baadhi ya ving'amuzi vina tundu la flashi na vinaweza kuonyesha picha kupitia zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe.

Flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu televisheni za zamani kidogo huukataa ule wa exFAT bila kueleza sababu. Picha ziwe za JPEG. Simu za iPhone tangu 2017 zina tabia ya kuhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao televisheni nyingi hazijui kuusoma. Zitakuandikia kwamba faili haifunguki, na wajomba wataamini umeharibu televisheni, kwa hiyo zibadilishe kabla hujasafiri. Halafu kuna picha zilizopita WhatsApp. Mtandao huo huzibana ili zisafiri kwa urahisi; kwenye simu huoni tofauti, lakini kwenye inchi 43 uso wa bi harusi unakuwa na ukungu kuliko Magamba mwezi wa Julai. Mwombe aliyepiga akutumie picha halisi kama dokumenti, au mchomekee flashi yako.

Zipe picha namba: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, televisheni nyingi zitapanga 1, kisha 10, kisha 11, na mtoto atakuwa ameoa mke kabla hajabatizwa. Usitegemee tarehe ya kamera pia, maana kamera nyingi za zamani zilikaa na tarehe iliyotoka nayo kiwandani. Zile ulizopiga ukiwa umesimamisha simu zitazame moja moja kwenye kompyuta. Simu huweka alama ya siri inayosema picha isimame, lakini kuna televisheni zisizosoma alama hiyo, na hakuna mzee anayepaswa kulaza shingo ili amtambue mwanawe. Izungushe, ihifadhi upya, ndipo uiweke kwenye flashi.

Nafika kwenye jambo gumu, nalo ni kuchagua. Picha sitini zinatosha. Najua una elfu tatu. Najua kwamba ulipofika Irente, pale mwambani juu ya uwanda wa Mazinde na mashamba ya mkonge, ulipiga picha za kujaza simu nusu: umekaa, umesimama, umeinua mikono. Weka moja. Watu unaowaonyesha wamelijua bonde lile tangu wakitumwa kuni, wanachotaka kuona ni nani ulikuwa naye. Kanuni yangu ni kwamba kila picha iwe na uso ambao mtu mmoja ndani ya chumba anaweza kuutaja kwa jina. Chakula cha hotelini kitoke. Gari lisilo lako litoke. Machweo ya Dubai yaliyotumwa na binamu yabaki moja, kwa heshima ya binamu.

Nafasi iliyobaki ijaze picha za karatasi. Karibu kila nyumba ina albamu, au bahasha ya kaki kabatini, au picha iliyochomekwa kwenye ukingo wa kioo cha chumbani. Hapa Usambara imekujalia studio ya bure. Ukungu wa asubuhi hutoa mwanga laini usio na kivuli, na ndio mwanga unaofaa kunakili picha inayong'aa. Iweke picha mezani karibu na dirisha, zima taa za ndani na mwanga wa simu, simama juu yake ukiwa umenyooka, piga. Iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, utaing'oa nyuso. Ipige ikiwa ndani ya kioo, kwa kuinamisha fremu kidogo mpaka mng'ao uondoke.

Naomba unisikilize kuhusu picha hizi za karatasi, maana kwa ajili yake ndiyo nimeshika kalamu. Lushoto imepigwa picha muda mrefu. Wajerumani walipoufanya mji huu kituo chao waliuita Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao, na mpiga picha Walther Dobbertin alizunguka koloni lote la Afrika Mashariki na kamera yake kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia na wakati wa vita hiyo. Picha zake ziko katika hifadhi ya kumbukumbu za taifa la Ujerumani, na tangu 2008 sehemu ya picha za hifadhi hiyo, zake zikiwemo, imewekwa wazi mtandaoni kupitia Wikimedia. Zitazame. Utaona barabara, soko, watu wamesimama wakitazama kamera moja kwa moja. Chini ya nyingi pameandikwa mahali. Afisa wa Kijerumani mara nyingi ana jina. Mwafrika aliye pembeni yake mara nyingi hana. Ni babu wa mtu, huenda wajukuu zake wanauza karoti na kabichi sokoni leo, na hakuna awezaye kumwita.

Bahasha ya kaki ya nyumbani kwenu inaelekea hukohuko, na hakuna mkoloni wa kumlaumu. Yupo bibi mmoja anayejua yule kijana mwenye suruali pana ni nani, na kama picha ilipigwa studio ya Tanga au ya Korogwe, na kwa nini shangazi amenuna. Watoto wake wanajua nusu. Wajukuu wanajua kwamba ni picha ya zamani. Televisheni inampa bibi nafasi ya kuuona tena uso ule ukiwa mkubwa kama wa mtu aliye hai, na kutaja jina mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, weka simu yako ikirekodi sauti, na uwaambie wote kwamba inarekodi. Mketishe bibi karibu na kioo, hatua mbili au tatu, na babu kiti cha mkono. Watoto mkekani. Pazia lifungwe kama kuna jua. Kama ni Juni au Julai na baridi imekaza, jiko la mkaa libaki nje, hata kama dirisha liko wazi. Moshi usioonekana wa mkaa umeshaua watu waliojifungia ndani, na nyumba iliyojaa watu si mahali pa kujaribu. Chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha vitapasha joto la kutosha, na kama ni mwisho wa mwaka lete maplamu.

Kuna mazungumzo ya kumaliza faragha kabla ya siku hiyo. Mwulize mjane kama yuko tayari kumwona mumewe kwenye kioo mbele ya watu. Mwulize shangazi aliyerudi Hija kama picha yake ya usichana, kichwa wazi, ionekane au ikae. Akisema ikae, iondoe kwenye flashi kabisa, usitegemee kuiruka kwa rimoti. Picha za maziko ziache bahashani.

Ukibonyeza sasa, zima ile programu ya kubadilisha picha yenyewe. Televisheni hupenda kukupa sekunde tano kwa kila picha, na sekunde tano hazimtoshi mzee kutafuta miwani. Badilisha kwa mkono, na usibadilishe mpaka chumba kinyamaze. Zima pia muziki. Ninaupinga muziki wa nyuma kwa moyo wote: ule wimbo laini uliomo ndani ya televisheni utafunika sauti ya bibi, na sauti hiyo ndiyo tuliyokusanyikia. Ubishi ukizuka, kama huyu ni mjomba wa Bumbuli au pacha wake, uache uendelee. Usiwarekebishe. Usiseme "tuendelee, tuna picha nyingi". Mkitumia saa nzima kwenye picha ya nne, onyesho limefanikiwa kupita matarajio, na hamsini na sita zilizobaki zitaonekana sikukuu ijayo. Vijana wakianza kuchungulia simu, mpe mmoja wao rimoti na mwingine daftari la kuandika majina. Mwenye kazi hachoki upesi.

Wengine wakienda kulala, kaa na daftari. Badilisha majina ya faili kwa kuandika namba, mwaka kama umetajwa, kisha majina kamili ya watu kutoka kushoto kwenda kulia, hadi na jina la ukoo, maana huku majina yanayoanza na "She" ni mengi na nusu ya wilaya itadai kuwa ndiyo inayotajwa. Pale mlipobishana andika majibu yote mawili na nani alisema lipi. Nakili kila kitu, pamoja na sauti, kwenye flashi mbili: moja ibaki kabatini kwa mama, nyingine iende kwa ndugu anayeishi mji mwingine, ili moto au mwizi asipate zote. Kisha irudishe televisheni kwenye king'amuzi, uhakikishe picha imetoka, kwa sababu kesho saa mbili usiku babu ataitaka taarifa ya habari na wewe utakuwa umeshapita kona za Soni ukielekea Mombo.

Picha zenyewe za karatasi ziandikie majina kwa nyuma, pembezoni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya ikatokea usoni.