Rimoti ya Mama Mwenye Nyumba

Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na runinga isiyo na king'amuzi ikabaki meza ya kuwekea maua. Serikali ilikuwa imetangaza mapema. Uani kwetu nako tulijipanga, kwa namna yetu. Mama mwenye nyumba alinunua ungo na king'amuzi, fundi akaugawa waya njia nne, akaupitisha darini, ukachungulia bafuni, ukaingia dirishani kwa kila mpangaji. Mwisho wa mwezi tunachangia kifurushi kama tunavyochangia umeme.

Kisheria hapo pana kosa. Kusambaza matangazo ya kulipia kunataka leseni, na Mama hata genge lake halina leseni. Lakini Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, haijawahi kutupigia hodi. Anayetudhibiti sisi amekaa sebuleni na kanga yake, rimoti mkononi.

Maana king'amuzi kimoja hufungua chaneli moja tu kwa wakati mmoja. Akitazama Mama, tumetazama wote. Saa mbili usiku ni taarifa ya habari, ila akitokea mbunge asiyempenda, habari imekwisha.

Siku ya Simba na Yanga ndiyo sitaisahau. Dakika ya 88, Simba wamepata kona, watu wanasukumana golini, mpigaji kainua mkono. Mara paap, mwanamke wa Kituruki analia kwa Kiswahili fasaha! Vyumba vyote viliguna kwa pamoja. Jirani wa chumba cha pili akatoka na taulo kiunoni, akasimama mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo Mama. Mpira bado haujaisha."

"Marahaba baba. Mpira si upo kila wiki? Huyu anaolewa leo."

Rufaa hakuna. Anayebishana hukumbushwa kodi ya miezi iliyopita, na mjadala unafungwa.

Agosti 2018 TCRA ilipotaka chaneli za ndani zisizolipiwa ziondolewe kwenye ving'amuzi vya kulipia visivyo na leseni ya kuzibeba, mji mzima ulilalamika. Sisi hatukushtuka. Tulidhani Mama kagombana na mtangazaji.

Basi ndugu yangu unayetafuta chumba, usiishie kukagua choo na bomba la maji. Muulize mwenye nyumba anafuatilia tamthilia gani, na inaanza saa ngapi.