Baiskeli Isiyo na Keria

Kijana wa Kayanga, Karagwe, anayeanza kuendesha baiskeli amechagua vyema: ya triathloni. Haina keria, kwa hiyo hakuna shangazi atakayemfungia mkungu wa ndizi. Haina madigadi, matope ya masika yatampanda mgongoni bila usumbufu. Phoenix ya babu yake, iliyobeba kahawa, mkaa na wagonjwa, imebaki ukutani na aibu zake.

Mpya humlaza kifudifudi ili aukate upepo, breki zikiwa mbali na vidole. Sawa tu, maana Karagwe, kama tujuavyo, ni tambarare tupu.

Mashindano yenyewe ya triathloni, yaliyoingia Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, huanza kwa kuogelea kilomita 1.5. Kuogelea hajui. Muuzaji hakuuliza.