Laptopu Haiwaki: Usitangaze Msiba Bado

Simu uliyoishika ili uwape jamaa habari za kifo, iweke chini kwanza. ThinkPad X220 ilitoka mwaka 2011, na hadi leo inahukumiwa kwa haraka kuliko inavyostahili. Nakusihi uiangalie haiwaki namna gani. Kuna laptopu iliyonyamaza kabisa, na kuna inayowasha taa na kuzungusha feni huku skrini ikiwa nyeusi tii. Ni kesi mbili tofauti. Fundi anayetoa bisibisi kabla ya kukuuliza ni ipi kati ya hizo, muage kwa heshima uondoke.

Iliyonyamaza tunaianzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama kuna umeme. Kisha tazama plagi: zile za pini tatu bapa tunazotumia Tanzania na Kenya zina fyuzi ndani, na ikiungua inabadilishwa kwa nyingine ya kiwango kilekile. Usiizungushie karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara! Umeme ukizidi, fyuzi hiyo haitakata tena, na kitakachoungua ni waya, au nyumba.

Sasa chaja yenyewe. Ya X220 hutoa volti 20. Azima mita, gusisha ncha moja ndani ya mdomo wa chaja na nyingine ubavuni kwa nje; kijipini chembamba cha katikati kiache, kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Ukisoma sufuri, kunjakunja waya karibu na ncha zake, maana hapo ndipo hukatikia. Ukinunua nyingine, volti ziwe 20, si "karibu na hapo", na ampea zisipungue 3.25. Muuzaji atakayekuambia kwamba volti nyingi ndizo nguvu nyingi, mwachie chaja yake.

Chaja ikiwa nzima, fanya jambo ambalo watu huliruka ingawa halina gharama hata kidogo. Chomoa chaja, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa sekunde 30. Chaji iliyobaki kwenye kapasita za mazabodi itaisha, na saketi inayosimamia umeme itapata nafasi ya kuanza upya. Rudisha chaja peke yake, bila betri, uwashe. Ikiwaka, chunguza betri. Ikiwa imevimba, usiichaji, usiitoboe na usiirudishe ndani. Lithiamu hushika moto. Wengi hapa huchagua kuipiga mashine kofi la mgongo. Kofi halijawahi kurudisha volti hata moja, ila linaweza kuiharibu diski ya kuzunguka.

Yenye feni na giza ina matumaini zaidi. Zima taa za chumba, mulika skrini kwa tochi ukiwa upande. Ukiona picha kwa mbali, kompyuta ni nzima na taa ya nyuma ya skrini ndiyo iliyozimika. Usipoona kitu, unganisha skrini ya nje. Nayo ikikaa kimya, toa chaja na betri, fungua kifuniko cha chini, toa vipande vya ramu, sugua miguu yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio mweupe, upanguse vumbi lake, kisha uvirudishe kimoja kimoja ukijaribu kuwasha. Ukiwasha bila ramu yoyote na mashine ikalia, shangilia: mazabodi na prosesa bado vina uhai.

Yote yakishindikana, okoa kilicho chako. Picha za harusi na tasnifu ya mtoto hazimo kwenye mazabodi. Diski ya X220 iko ubavuni: unafungua kifuniko kidogo na kuivuta nje. Itie kwenye kasha la USB, uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Kama hukuifunga kwa nenosiri, mafaili yatafunguka.

Ndipo laptopu iende kwa fundi, bila diski. Akisema mazabodi imekufa, mwombe apime mbele yako akuonyeshe umeme unaishia wapi. Akitaka kuichoma kwa hewa ya moto pasipo kupima, mkatalie. Na mpe kwa maandishi yote uliyokwisha kujaribu, asije akakutoza kwa kuchomoa chaja.