Makande ya Ijumaa

Mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha ulibaki Same, kwenye kichanja cha vyombo. Niligundua hilo saa sita mchana, milimani, jikoni kwa mama mkwe, mbele ya watu kumi na mmoja waliokuja kushuhudia sayansi.

Nieleze kwanza nilifikaje jikoni, maana kwetu Upareni mkwe wa kiume akienda ukweni hukalishwa sebuleni, huletewa chai, huulizwa habari za mvua za huko atokako, basi. Kosa lilianzia mdomoni mwangu. Mwezi wa kumi mama aliteremka Same kutibiwa macho, akatupikia makande, akakaa kando ya jiko kutwa nzima kama anayeuguza mgonjwa. Nikamwambia, kwa ule ujasiri wa mtu anayefundisha kemia, kwamba kwa sufuria ya presha kazi hiyo ni ya saa moja. Mama ni mtu wa maneno machache. "Sawa, baba," akasema. "Desemba utatupikia."

Siku aliyoipanga ilikuwa Ijumaa. Ukoo wa mke wangu ni Wasabato wa siku nyingi, wa tangu wamisionari kutoka Ujerumani walipoingia milima hii mwaka 1903, na kwao Sabato huanza Ijumaa jua linapozama. Chakula cha Jumamosi hupikwa Ijumaa. Jua likishazama, hakuna kuchochea moto, hakuna kukoroga, hakuna "dakika tano tu, mama". Kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuanzia saa sita hadi saa kumi na mbili na nusu. Kwa sufuria ya presha nzima, ningepika, nikalala usingizi, nikaamka, nikapika tena.

"Tutapika kwa sufuria ya kawaida," nikatangaza. "Itachukua muda kidogo zaidi."

Nilikuwa na kipimajoto cha maabara mfukoni. (Mke wangu aliuliza mtu anawezaje kukumbuka kipimajoto akasahau mpira. Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.) Maji yalipoanza kutokota nikakitumbukiza, nikasoma: nyuzi 95. Binti yangu wa darasa la sita akasoma naye, akasema, "Baba, si ulisema maji yanachemka kwa nyuzi 100?"

Nilisema. Na kwa Dar es Salaam, pale ufukweni, ni kweli. Lakini maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia juu, na hewa hiyo hupungua uzito kadiri unavyopanda. Same mjini, kwenye mita 860 hivi, maji hutokota karibu na nyuzi 97. Pale kwa mama, chini ya msitu wa Chome, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462 kikiwa juu yetu, hewa ni nyepesi zaidi, na maji yanajitoa mapema. Ukienda kupikia juu ya Kilimanjaro yatachemka kwa nyuzi 80 hivi, na maharage yako utayarudisha Moshi yakiwa bado yanalia kama changarawe. Sufuria ya presha ndiyo dawa yake: inaufungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, maji yanalazimika kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Na kwa hesabu ya harakaharaka, mambo mengi ya kikemia huenda kasi mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Hapo ndipo saa moja yangu ilipotoka. Yote hiyo ilitegemea duara moja la mpira lililokuwa likipigwa upepo Same.

Nikafanya afanyavyo kila mtu aliyechelewa. Nikaongeza moto.

Jiko la kwanza lilikuwa la gesi, mtungi wa kilo 6 tulioubeba kutoka mjini. Nilifungua mpaka mwisho. Baada ya muda mtungi ukaanza kutoka jasho, ukawa baridi kama mtu aliyetoka mtoni, na ule mwali wa bluu ukanywea. Shemeji yangu akautikisa, akasema gesi imekwisha, muuzaji ametuibia. Haikuwa imekwisha. Gesi ile humo ndani ni kimiminika, na ili igeuke hewa ya kuwaka lazima ilipie joto. Ukiivuta kwa pupa inalichukua joto hilo kwenye chuma cha mtungi wenyewe, chuma kinapoa, na gesi iliyobaki inakuwa nzito kutoka. Huku chini joto la Same lingeufidia mtungi. Kule juu, na ukungu uliokuwa ukiingia mlangoni, haukuwa na pa kukopa.

Tukahamia kwenye mafiga. Kuni zilikuwepo, kavu, zimepangwa kwa hesabu ambayo mama aliijua kichwani. Nikachochea. Maji yakacheka, yakaruka, yakamwagika. Kipimajoto kikabaki palepale, nyuzi 95.

"Baba, mbona moto umezidi na chenyewe hakipandi?"

Nikamwambia aniache nipike. Neno lilipotoka tu nikatamani kulirudisha. Ukisimama nje ya nyumba ile siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Usambara ng'ambo ya bonde la Mkomazi, na huko, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu wake alimgeuza kichekesho. Hakuacha kuuliza. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, ambaye alirudi Dar es Salaam akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ambayo wanafizikia wanaibishania mpaka leo. Hadithi hiyo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Huwa namsema sana yule mwalimu.

Basi nikamjibu binti yangu, tena kwa Kiswahili, jambo ambalo si jepesi kwa mtu anayefundisha somo hili kwa Kiingereza mwaka mzima. Maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka, nikamwambia, moto wote unaoongeza haupandishi joto hata kidogo. Unatumika kuyatoa maji nje yakiwa mvuke. Na nauli ya kutoka ni kubwa. Kuipasha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunataka kilojuli 315 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote iwe mvuke kunataka kama 2,260, zaidi ya mara saba.

"Kwa hiyo kuni za bibi zimepanda juu?" Akatazama dari.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Hakusema kitu. Aliziangalia kuni, akauangalia mvuke, nikahisi ameshapiga hesabu kwa vipimo vyake mwenyewe. Wapare tunasemwa kwa ubahili, na watani zetu Wachagga hawatuachi tupumue. Mke wa shemeji yangu, wa Marangu, alikuwa akipita jikoni kila nusu saa. "Hata maharage yenu yanabana matumizi," akasema. "Yamekataa kujitoa."

Saa tisa nikaonja. Mahindi, yaliyokobolewa vizuri, yalikuwa na dalili ya kukubali. Maharage yalikuwa kokoto. Nikajiambia ladha walau niitangulize, nikatia nyanya kumi na mbili zilizoiva.

Hapo mama akainua macho. "Umetia nyanya?"

"Nimetia, mama."

"Haya."

Ile "haya" niliielewa saa mbili baadaye, na niliielewa kama mwanakemia, jambo linalouma zaidi. Chembe za maharage zimeshikamana kwa kitu kiitwacho pektini, kama matofali kwa udongo. Maharage huiva pale pektini inapolegea. Kwenye maji yenye asidi hailegei upesi, na nyanya ni asidi, kama ilivyo ndimu, kama ulivyo ukwaju. Kila mpishi wa kike pale kijijini anajua nyanya hutiwa mwisho. Mimi nilikuwa najua ni kwa nini hutiwa mwisho, ila sikujua kwamba hutiwa mwisho.

Na kulikuwa na kosa la zamani zaidi, la Alhamisi usiku. Nililoweka maharage nyumbani kwangu Same, kwa maji ya kisima tunayonunua kwa madumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko ule ni kalsiamu zaidi. Nchi yetu ya tambarare imejaa kitu hicho. Pale Makanya jasi huchimbwa ardhini ikapelekwa viwanda vya saruji, na jasi ni kalsiamu salfeti. Kalsiamu ikiingia kwenye pektini huifunga kwa kamba za ziada. Kwa maneno mengine, usiku kucha niliyatia maharage saruji, asubuhi nikayabeba kwenye gari kwa uangalifu, nikayapandisha mlimani hadi mahali ambapo maji ya chemchemi ni laini kabisa, na ndoo tano zilikuwa zimeshatekwa zikinisubiri mlangoni.

Saa kumi na moja mama aliinuka. Akatoa kwenye kikopo kipande cha magadi, akakisagasaga kwa kidole gumba.

Niliwahi kumsema kuhusu magadi. Nilimwambia huua vitamini B1, na ni kweli huiua. Safari hii nilinyamaza. Magadi, yawe ya Ziwa Natron au ya ziwa lenyewe liitwalo Magadi kule Kenya, ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu, yaani kinyume cha asidi. Sodiamu huchukua kiti cha kalsiamu kwenye pektini, na kamba zinalegea. Tatizo ni kwamba sufuria ilikuwa na nyanya kumi na mbili. Mama alipotia, asidi na kaboneti vikakutana, kaboni dioksidi ikatoka kwa vurugu, povu la rangi ya machungwa likafura juu ya ukingo, likateremka, likazima figa la upande wa mlango. Mchagga wetu alipiga vigelegele. Binti yangu akaandika kitu kwenye daftari.

Zikabaki dakika kama tisini za jua.

Mama akawasha upya kwa vijiti viwili, viwili tu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunika sufuria kwa mfuniko mzito na kuweka jiwe juu yake. Tangu saa sita nilikuwa nimeiacha wazi ili nisome kipimajoto. Moto ukawa mdogo, hata hausikiki, na ndani yakaendelea kuchemka polepole, nyuzi zilezile 95, bila mvuke wa kupanda darini. Tukanywa chai. Tangawizi ya Mamba, iliyokaushwa, ambayo ni kali kuliko mbichi kwa sababu jinjeroli yake ikikauka hugeuka kuwa shogaoli. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kijapani la tangawizi. Niliwaeleza hayo. Walinisikiliza kwa heshima ile apewayo mtu aliyefiwa.

Jua lilipobakiza kimo cha kiganja juu ya kilima, mama aliepua. Akaomba kapu kubwa la kubebea ndizi. Chini akatandika majani makavu ya migomba, akazamisha sufuria inayotokota na mfuniko wake, akashindilia majani mengine pembeni mpaka pasipite hata kidole, kisha akageuka kwa mke wangu. "Lete blanketi la chumba cha wageni."

Chumba cha wageni ni chumba changu.

Alilifunga kapu kama mtoto mchanga, akalisukuma pembeni, akazima moto. Nilitaka kufunua nipime. Akanipiga kofi dogo la mkono. "Ukifungua unalitoa." Hakutaja ni nini. Hakukuwa na haja: joto hutoka kwenye cha moto kwenda kwenye cha baridi, halirudi lenyewe, na kitu pekee unachoweza kulifanyia ni kuliwekea vikwazo njiani. Majani makavu yamejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa uvivu mkubwa. Darasani hiyo ya joto kutorudi lenyewe ni kanuni ya pili ya themodinamiki. Huifikia mwezi wa nane, na kila mwaka nusu ya darasa hulala.

Usiku ule milimani palikuwa na baridi ya kupenya mfupa. Nilijifunika kanga mbili za mke wangu na koti. Nikiwa macho saa nane za usiku, niliwaza kwamba katika nyumba ile kulikuwa na vitu viwili vyenye joto vilivyohitaji blanketi moja, na kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshaamua kipi kina faida zaidi.

Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, kapu lilifunguliwa. Nikaruhusiwa kupima: nyuzi 61, saa kumi na mbili na zaidi tangu moto uzimwe. Binti yangu akaandika. Mama akachukua harage moja, akalibonyeza kati ya vidole viwili. Likapondeka.

"Ulilala salama, baba?" akaniuliza.

Nikasema nililala salama, mama, nikaomba blanketi langu. Lilikuwa bado la moto, likinuka maharage.