Simbu wa Ikungi: Twende Kinyumenyume, Sita Hadi Moja

Vijiwe vya Singida mjini vinazungumza mpira asubuhi hadi jioni. Sawa, lakini leo Singida Black Stars wakae benchi kidogo. Zamu ni ya Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, mwaka 1992. Msimamo wangu nautoa mapema: Singida haijawahi kutoa mwanamichezo mkubwa kuliko huyu. Atakayebisha aje na medali.

6. Kwao
Ukitoka Dodoma kwa basi, Ikungi unaifikia kabla ya Singida mjini. Msimu wa alizeti, pande zote za lami ni njano tupu. Abiria wengi hapo wanakuwa wamesinzia. Kondakta, waamshe: wanapita kwa bingwa.

5. Kazi ya pili
Simbu ni askari wa JWTZ. Wakimbiaji wetu wakubwa hawajawahi kula mbio peke yake. Juma Ikangaa alivaa gwanda. Filbert Bayi naye alivaa gwanda, na mwaka 1974 kule Christchurch akavunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo kama mtu anayewahi daladala la mwisho. Baadaye akafungua shule, Kimara na Kibaha. Suleiman Nyambui, mwenye medali ya fedha ya mita 5000 Moscow 1980, akageukia ukocha. Hapo ndipo ninapowapenda zaidi: miguu imechoka, lakini wamebaki na vijana. Siku Simbu atakapotundika viatu, tafadhali, apewe watoto wa Singida awanoe. Uwanja wa vumbi tunao, filimbi tutamnunulia.

4. Mwaka 2017
Januari alishinda Mumbai Marathon. Agosti, kwenye mashindano ya dunia London, akachukua shaba kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 51. Tamirat Tola wa Ethiopia alimpita kwa sekunde 2 tu akabeba fedha. Sekunde 2! Salamu ya Kinyaturu hapo haijafika hata katikati.

3. Olimpiki
Rio 2016, nafasi ya 5. Michezo ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, nafasi ya 7. Paris 2024, ya 17. Wapo walioanza kumchimbia kaburi. Wakalifukie wenyewe.

2. Boston, Aprili 2025
Wa pili, saa 2, dakika 5 na sekunde 4. Cybrian Kotut wa Kenya, aliyekuwa wa tatu, aliandikiwa muda uleule. Wazee wa riadha walishika vichwa, maana Boston hii tunaijua: Ikangaa alikuwa wa pili 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde 1. Nafasi ya pili ya Boston tungeweza kuikatia hati ya kiwanja.

1. Tokyo, 15 Septemba 2025
Marathoni ya mashindano ya dunia. Kilomita 42 zimekwisha, wako uwanjani. Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, utepe anauona. Simbu anakuja kwa nyuma, anakuja, kifua kinatangulia. Muda wa wote wawili: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mshindi hajulikani, naye Simbu anasubiri kama wewe na mimi. Waamuzi wakarudi kwenye picha: Simbu, kwa sekunde 0.03. Christopher Isegwe alishaleta fedha ya marathoni kutoka Helsinki mwaka 2005, lakini dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha Tanzania ilikuwa haijawahi kuigusa.

Na kwa wale wanaosema marathoni inachosha kutazama: siku moja kabla, uwanja uleule, fainali ya mita 100 ya wanaume Oblique Seville wa Jamaika alimwacha mwenzake kwa sekunde 0.05. Mtu wa Ikungi alikimbia zaidi ya saa mbili, na fainali yake ikawa ya kubanana kuliko ile.