Misingi ya Ugenolojia: Tatizo la Kikombe Kisicho na Mkono

Mwanafunzi wangu, kaa kitako, toa kalamu. Wengi hudhani Mtaliano anayehamia Malindi hutatizwa na joto, mbu, vibali na makuti yanayovuja masika. Upuuzi. Ugenolojia, yaani elimu ya wageni, hutambua tatizo moja tu: kikombe cha kahawa chungu, ambacho hakina mkono.

Tuanze na historia. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, akatuachia nguzo. Nguzo nayo haina mkono. Alikaribia ukweli, asiutambue. Baadaye Wataliano wakajenga kituo cha San Marco huko Ngomeni. Mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 wakairusha ile ya Marekani iliyopewa jina Uhuru. Lakini kuishinda nguvu ya mvutano ni hesabu tu. Kushika kikombe ni elimu.

Fasili. Ukidolejoto: hali ya kidole kupata habari kabla ya ulimi.

Sasa aina za wahamiaji:

1. Mgeni-Mkono. Kikombe chake cha espresso kwao kina mkono, basi hukizungusha hiki cha muuza kahawa akiutafuta, mpaka kahawa inapoa. Ana vijinsi viwili: azungushaye kuelekea kusini na azungushaye kuelekea kaskazini. Ole wako ukiwachanganya kwenye mtihani.

2. Mgeni-Leso. Hukiviringishia kikombe leso. Amepiga hatua, ila kitaaluma ametengeneza mkono bandia, na huo ni udanganyifu.

3. Mgeni-Ukingo. Hukishika ukingoni kwa kidole gumba na cha kati, hupuliza mara moja, hupiga fundo, kisha huuliza: "Leo nguru bei gani?" Huyu amehama.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa heshima zote, jembe lina mpini. Huo ni mtihani wa watoto. Siku ya tatu mpe kikombe.

Zoezi: jioni keti barazani karibu na muuza kahawa mwenye dele, uhesabu vidole vinavyopulizwa. Usicheke, hiyo ni data. Somo lijalo: halua, na mgogoro wa vidole vinavyonata. Njoo na leso yako, lakini usinionyeshe ukiitumia.