Shangazi wa Kupaua Anajibu

Mwezi huu barua za paa zimezishinda za ndoa, na hata hizo za ndoa, ukizisoma hadi mwisho, nusu yake zinavuja. Nimechagua chache. Majina nimeyaficha, wenyewe mnajijua.

*Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwaka 2011 akatuachia nyumba ya vyumba sita na ua, Ngamiani, Tanga, aliyoipaua kwa mshahara wa mkongeni. Tumezaliwa sita. Mimi ni wa tatu, na ndiye ninayeishi humo na mama na wanangu. Bati zimekwisha kabisa. Mvua ikinyesha tunatandaza masufuria, mabeseni, na juzi tumeongeza sinia la harusi. Tumefungua grupu la WhatsApp tukaliita "Paa la Baba". Nikituma picha ya maji, wenzangu wanaandika "Mungu atafanya wepesi" na viganja viwili. Kaka mkubwa, aliyeko Arusha, anasema hakuna kugusa msumari mpaka mirathi imalizike. Nifanyeje?*
Mama Sinia, Tanga

Marahaba mwanangu. Mama mpe pole zangu. Wewe pole nitakupa baadaye kidogo, maana kuna jambo lako pia.

Kaka yako ana neno, ingawa analisema akiwa Arusha, pakavu. Nyumba ya marehemu isiyo na msimamizi wa mirathi haina msemaji. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inayomteua, na akishateuliwa bado hajawa mwenye nyumba. Anaitunza tu mpaka kila mtu apate haki yake. Tangu 2011 mmekutana kwenye harusi ngapi na arobaini ngapi? Pilau mmekula, jina hamkupendekeza. Basi kaka mkubwa asiifanye mirathi kuwa kufuli la nyumba huku ufunguo akiukalia mwenyewe.

Tena kuziba paa si kugawa nyumba. Kinachomtia hofu si msumari, ni wewe. Anajua ukishapaua kwa hela yako, kesho utasema "nyumba niliyoihangaikia", na wanao watasema "nyumba ya mama". Na wewe unajua kwamba anajua, ndiyo maana unatuma picha kwenye grupu badala ya kumpigia simu.

Dawa yake ni karatasi. Andikeni nani katoa kiasi gani, na hicho alichotoa ni mchango, ni deni litakalolipwa nyumba ikigawiwa, au ni badala ya kodi. Ndiyo, kodi. Hapo ndipo penye jambo lako. Umeishi humo miaka yote hiyo bure, na chumba cha mbele umempangisha fundi cherehani; usikatae, bahasha umeigonga mhuri wake. Hela ya cherehani ndiyo iwe fungu la kwanza la bati. Ukianza wewe, nyuso za wengine kwenye grupu zitakosa pa kujificha.

Kikao kiitishwe Tanga, sebuleni, mwezi Aprili, masika yakiwa yamechanganya. Kaka mkubwa apewe kiti cha heshima. Kiti cha heshima kiwekwe pale penye sinia.

Kabla hamjatoa hata shilingi, hakikisheni ugonjwa wenyewe. Saa sita mchana funga madirisha na milango, panda darini, tazama juu. Vitundu vikijipanga mstari mmoja kufuata mbao, kilichochoka ni misumari na mipira yake. Hapo unaweza kupona kwa kung'oa na kuweka skrubu ndefu zenye mpira mpya. Vikiwa vimetapakaa kila mahali, na ukikandamiza bati kwa dole gumba linabaki unga wa kahawia, hakuna tena cha kuziba. Tanga ni mji wa bahari, na upepo wa chumvi hula zinki kwanza, kisha chuma. Lami unayoipaka kila mwaka inakununulia msimu mmoja tu, na tena inamwongezea fundi njia ya kupanda na kukanyaga pasipo na mbao. Mkinunua bati mpya, ulizieni za aluzinki, ambazo koti lake lina aluminiamu asilimia 55. Kwa watu wa pwani hiyo si anasa.

Haya, sasa pole.

*Shangazi, salaam aleikum. Nafanya kazi za ndani Muscat. Kwa miaka miwili nimekuwa nikimtumia mdogo wangu hela za kubadilisha paa la nyumba ya mama, Kilwa Masoko. Ananitumia picha. Ya kwanza bati zilikuwa za bluu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu nyumba ina madirisha matatu mbele, na yetu ina mawili. Nikimuuliza anasema ni "muonekano wa kisasa". Nimwamini?*
Dada wa Mbali

Waaleikum salaam. Hongera mwanangu, sikujua kuwa una nyumba tatu Kilwa.

Mdogo wako hela kazila, hilo tusilizunguke. Lakini kumtukana kwa simu hakutampaua mama. Kuanzia leo hela usimtumie mtu, ilipe dukani. Mwenye duka akupe risiti ya EFD yenye jina la mama, idadi ya bati, geji na urefu wake. Mzigo ukifika, mama ahesabu mwenyewe akiwa amekaa kwenye mkeka, bati moja moja, hata ikichukua asubuhi nzima. Wazee wetu hawakusoma, ila kuhesabu vitu vyao hawajawahi kukosea.

Ufundi ulipe kwa mafungu. Fungu moja kenchi zikisimama, la pili bati zikipigwa, na la mwisho, tena liwe nono, baada ya mvua ya kwanza. Fundi akikataa hilo la mwisho, keshakwambia kitu kuhusu kazi yake. Na picha sitaki tena. Piga simu ya video siku ya mvua, mwambie mama aelekeze simu juu, kisha anyamaze. Sikiliza kama kuna tone linaloanguka ndani.

Ngoja nikwambie jambo ukiwa huko huko. Mapaa ya nyumba za kale za Oman na Ghuba yalibebwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, zikisafirishwa kwa majahazi. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya zamani, vya kwao na vya kwetu uswahilini, ni virefu na vyembamba. Sisi tumewapaua karne na karne. Nawe unapotuma hela ya paa kutoka Muscat, jione unadai deni la zamani, na mdogo wako amelidaka njiani.

*Shangazi, mume wangu amerudi na bati za geji 32. Anatamba mtaa mzima kwamba jirani kaweka 28 tu. Mimi sielewi geji, ila nimeligusa, linapinda mikononi.*
Mke wa Geji, Mbagala

Mikono yako inaelewa geji kuliko yeye. Namba ya geji husomwa kinyume: ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene, 30 ni ya kati, na 32 ni ya banda la kuku wasiotarajiwa kuishi miaka mingi. Jirani yenu ananyamaza kwa sababu ya adabu.

Usimwambie mbele ya watu, na hasa usimwambie mbele ya jirani. Mwambie usiku, taratibu, na kabla bati hazijapigiliwa, kwa sababu hakuna duka litakalopokea bati lenye tundu. Akitaka ushahidi, nendeni wote dukani na kifaa cha kupimia unene. Mnunuzi wa bati za rangi akumbuke pia kuwa rangi ina unene wake, kwa hiyo kinachoulizwa ni unene wa chuma kilichomo ndani.

Na bati zikishapigiliwa, fundi wa ving'amuzi akija kutundika ungo juu ya paa, mwambieni akanyage kwenye mistari ya misumari, maana chini yake ndipo penye mbao. Nusu ya mapaa yanayovuja mjini hayakuharibiwa na mvua, yaliharibiwa na ligi kuu.

*Mimi ni fundi, Shangazi. Mteja alininunulia mbao za kijani, kaambiwa zina dawa. Baada ya mwaka zimeliwa na wadudu, na lawama zote nimetupiwa mimi.*
Fundi Mnyonge, Kimara

Mbona ulizipandisha bila kuzikata? Msumeno ndio mpelelezi. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo, ukiikata katikati, rangi utaikuta imezama ndani. Iliyopakwa au kuchovywa, kijani kiko nje kama koti la sare, ndani nyeupe pee. Mbao zetu nyingi za kupaulia ni misindano ya Mafinga na mashamba ya Sao Hill, mti mlaini ambao bila dawa ni chakula. Na ikiwa mbichi inapinda, kenchi inajikunja, misumari inalegea, na bati linaanza kupiga makofi usiku. Wewe ulijua yote hayo. Lawama mgawane na muuzaji. Mteja peke yake ndiye asiye na kosa.

*Shangazi, baba yetu yuko Bagamoyo na nyumba ya makuti. Sisi wanawe tumejichanga kumwekea bati za msauzi, yeye anakataa. Watu wanatucheka kwamba tuna magari na baba analala chini ya makuti. Tumshawishi vipi?*
Wana wa Mbezi

Tusemezane kweli. Hizo bati ni za baba au ni za wanaowacheka?

Makuti yana kasoro zake, nazo nazijua. Hayadumu, panya wanayapenda, na cheche moja ya jiko inatosha kuyamaliza. Lakini saa nane mchana ingieni chumbani kwa baba, kisha ingieni kwa jirani mwenye msauzi asiye na dari. Kwa jirani mtatoka wenyewe. Makuti yaliyosukwa vizuri na kulazwa kwa mwinuko mkali hupitisha hewa na kumwaga maji, na mvua hata ikiwa kubwa mzee anasikia redio yake.

Tena hamwezi kuvua makuti na kuvika bati tu. Fito na kamba haziwezi kubeba misumari ya bati, kwa hiyo kenchi ni mpya zote, na lazima zifungwe kwenye ukuta kwa nondo au waya uliotoka kwenye lenta. Bati ni jepesi, na upepo wa bahari hulinyanyua paa zima na kuliweka kwenye shamba la mtu. Ongezeni dari na matundu ya hewa juu ya kuta. Mkipiga hesabu hiyo yote, mtagundua mlichojichanga kinatosha kumnunulia baba makuti mapya mara kadhaa.

Uamuzi wangu: anayelala chini ya paa ndiye anayelichagua. Nyinyi mnalala Mbezi. Akiwaomba bati, pauweni. Asipoomba, mpelekeeni makuti.

*Tumebadilisha paa la nyumba ya babu. Baba mdogo kachukua bati zote kuukuu, zile nene za kijivu, zinazovunjika zikianguka, akajengea banda la mbuzi bila kuuliza. Je, tumshitaki?*
Mjukuu, Morogoro

Kwa bati kuukuu? Mwacheni, mbuzi nao ni wa ukoo.

Ila barua yako imeniacha na wasiwasi, maana umeandika kwamba ni "zile nene za kijivu, zinazovunjika zikianguka". Mwanangu, hizo si bati, inaelekea ni asbesto, zilizowekwa kwenye nyumba nyingi za zamani za mashirika na za watumishi. Hapa nauacha utani. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Msizikate kwa msumeno, msizivunje, msizitupe chini kutoka juu, na watoto wasizichezee. Zimwagiwe maji zilowane, zishushwe nzima nzima, zifungwe kwenye nailoni nzito, kisha waulizeni mamlaka ya mazingira au afisa afya wa halmashauri pa kuzipeleka. Banda la mbuzi livunjwe kwa utaratibu huo huo, na baba mdogo aambiwe leo, hata kama hamsemezani.

Nafasi imekwisha. Wanaouliza rangi ya bati inayoendana na geti, sitawajibu, muulizeni mwenye geti. Wengine wote, andikeni mapema. Kazi ya paa ni ya Juni hadi Septemba, mbao zikiwa kavu na mafundi wakiwa na nafasi, na paa livuliwe upande mmoja mmoja, turubai likiwa karibu. Barua zitakazonifikia Aprili nitazijibu Juni.